Motoka Yenye Mama Mukwe Hakupanda

Siku nilileta motoka yangu ku nyumba, hapa Ruashi, ilikatala kuingia mu lupango, uwanja wetu wenye ukuta. Ilikuwa pikapu mupya, nyeusi, murefu kushinda zote za mu avenue yetu. Na miye mwenyewe njo nilikuwaka nimejenga mulango wa lupango na boriti ya beto, ya simenti, pa juu, juu ya kufanana na bantu bakubwa. Boriti ilikuwa chini kuliko kichwa ya motoka kwa vidole bine. Motoka ikabakia inje siku tatu. Nilipanda ngazi na nyundo, niko navunja kazi yangu mbele ya macho ya bantu bote, bibi yangu wa ndoa anashika ngazi. Aliangalia juu, akasema pole pole: "Vunja muzuri. Kesho tutavunja na nyumba."

Motoka murefu iko na tabia yake, na mwenye kuiuza hakuambiake. Ukiikala ndani, hauone kitu chenye kuwa karibu na pua yake. Kila asubuhi nilizunguka kwanza, ninainama, naangalia kama hakuna mbuzi, kama hakuna mama mwenye kuanika unga ya muhogo pale mbele. Kuosha pa juu unapanda ku kiti. Na rulaje, bale ba polisi ya barabara, wakiona motoka ya vile banakupigia saluti kwanza, kiisha banakusimamisha: mwenye motoka ile ni mukubwa ao ni mwizi, na bote babili iko na kitu ya kuacha. Kukiwa kilio mu avenue, bantu walifika kwangu mbele ya kufika kwa padri. Viti, masufuria, mama benye kulia, bote mu kifua ya nyuma.

Lakini mwenye kuteswa zaidi ilikuwa bibi yangu. Mwanamuke mwenye kuvaa kikwembe, kitenge cha kufunga ku kiuno, hawezi kupanda motoka ile na heshima. Alitafuta namna yake: anageuka, anatanguliza mugongo, anavutika juu na mikono, kiisha anaingiza miguu yote pamoja. Siku ya mungu, mbele ya kanisa, mama ba parokia walikuwa banaacha kusalimiana juu ya kumuangalia. Na akisha kufika juu, anaikala tu ku plastiki, kwa sababu nilikatala kutoa ile plastiki ya kiwandani ku viti. Ilikuwa inalia kila mara unageuka. Wakati wa jua inakuchoma mapaja. Aliniuliza nitaitoa siku gani. Nilimujibu: wakati itatuzoea.

Lazima niseme kwa nini nilitaka kuikala juu. Nilikuwaka mwenye kuchimba madini. Shimo yetu ilianguka, bantu bane walibakia ndani, miye nilitoka na muguu mumoja mufupi. Mwenye kosa ninamujua: mukubwa wa kikundi chetu, alitoa miti yenye kushikilia udongo kwetu, akaipeleka ku shimo yake ingine. Yeye ni muzima. Tunakutana ku soko, ananisalimia, na kila mara ninamwambia mbele ya bantu: weye njo ulibaua. Sikusoma mingi, sijue kuzunguka na maneno. Tangu ile shimo, kukiwa ubaya, ninanyoosha kidole ninasema ni fulani. Bantu walinizoea vile. Ku mikutano ya jamaa walikuwa banasema: muulizeni ule, yeye hafiche.

Kiisha shimo nilianza kuuza samaki ya kukauka. Bibi yangu ni wa Pweto, jamaa yake yote inaishi na samaki, na mama yake, mama mukwe wangu, ndiye alikuwa anatuchagulia mizigo. Anaweka samaki mu kiganja, anaiangalia ku jua, anakuambia kama iko na mududu ndani ao hapana. Hakukosake. Pikapu nilinunua juu ya njia ya Pweto, ile ya mashimo na matope. Sababu hii ni ya kweli, lakini haiko yote.

Wakati ilitoka ku duka, ilikuwa na marshepie, kale kangazi ka chuma ka kukanyagia, pembeni, huku na huku. Siku moja, pa fasi ya kuosha mamotoka, rafiki yangu mumoja musafirishaji, muntu wa Butembo, mwenye kupenda kucheka, alizunguka yangu yote na mikono mu mugongo. Akaniuliza: "Papa, ngazi hii ni ya nini? Unabebaka masista?" Bote wakacheka, mpaka mwenye kushika mupira wa maji. Ile siku ile, nikafungua maburo yenye kuzishika, nikatoa marshepie zote mbili. Nilizitupa nyuma ya jiko. Bibi yangu aliziona, akauliza neno moja tu: mama yake akifika, atapanda na nini. Nikasema tutaona.

Mama mukwe alifika mu wakati wa mvula, juu ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limesha kufa zamani, wakati alikuwa angali kijana, mwiba. Sasa la kuume lilianza kufunikwa, akawa anachagua samaki na pua kuliko na jicho. Mu hospitali moja ya hapa mujini kulikuwa munganga wa macho mwenye kutoka mbali, anafika mara chache, anapasua siku moja, anarudia na ndege. Bibi yangu alipata kumuandikisha. Munganga alituambia wazi: jicho hili lisingoje, likingoja litaoza ndani.

Mama mukwe hakulala kwangu. Mambo ya buko, heshima ya muko na mama wa bibi yake, iko vile kwetu: mama wa bibi yako haumuguse, haumuangalie mu macho, haukule mbele yake. Alilala kwa mutoto wake mwanaume, shemeki yangu, avenue mbili kutoka ya kwetu. Na akitaka kuniambia neno, anaambia kitu kingine. Anaambia mulango, anaambia mufagio, na miye niko nasikia. Miaka makumi mbili tuliongea vile, na tulipatana kuliko bantu benye kuangaliana.

Lakini buko iko na mulango wake, na bazee walinifundisha miye mwenyewe siku ya ndoa. Mama mukwe akiwa mugonjwa, ao nyumba ikiwaka moto, na hakuna muntu mwingine, unamubeba. Kiisha unapeleka kuku, unaomba musamaha, inaisha. Ninaandika hii hapa kusudi muntu asiseme sikujua.

Siku ya munganga, bibi yangu alitangulia ku hospitali saa kumi na moja, juu ya kushika nafasi. Ilipangwa shemeki amupandishe mama yake mu motoka, yeye ni mutoto, yeye anaruhusiwa. Lakini kamio, lori yenye mizigo yangu ya samaki, ilikuwa imefika ku depo asubuhi ile, na mvula ilikuwa inatisha. Nilimupigia shemeki simu. Nilimwambia aende mbio afunike mizigo. Aliniuliza: "Na mama?" Nikasema: "Mama niko naye, usiogope." Akaenda.

Nikafika pa lupango yake saa moja. Mvula ilikuwa imenyesha, matope mekundu mpaka ku kifundo. Mama mukwe alikuwa amesha kusimama inje, kikwembe ya misa, miguu bila viatu kwa sababu viatu alivishika mu mukono, na kitunga cha samaki ku kichwa, zawadi ya bauguzi. Nilifungua mulango wa motoka, nikasogea kando, nikaangalia ukuta, sawa buko inataka. Alinyoosha mukono, akatafuta. Mukono ukapata chuma, ukapanda, ukafika ku kiti. Kiti ilikuwa pa kifua chake. Akainua muguu mara moja, mara mbili. Muguu haukupata kitu ya kukanyaga.

Nilipeleka kiti cha plastiki cha shemeki. Mu matope kikazama upande, akakaribia kuanguka, akashika mulango. Mu ile dakika nilikuwa karibu yake hatua moja. Ni muzee, mwepesi, ningemuinua sawa mutoto. Mwanamuke mumoja wa jirani, mwenye kuteka maji, aliniita: "Papa, tukuye tukusaidie?" Nikamujibu hapana, tunasha kumaliza.

Nitasema kitu nilikuwa naangalia. Nilikuwa naangalia miguu yake. Udongo mwekundu, muzito, umeruka mpaka ku magoti, na maji ya samaki yenye kuloweshwa na mvula yalikuwa yanatoka mu kitunga yanashuka ku mugongo wa kikwembe. Na mbele yake kiti cha motoka, nyeupe, plastiki yake bado haijapasuka hata fasi moja. Kichwa yangu ilikuwa pale. Si ku buko. Buko nilitafuta kiisha, sawa muntu mwenye kutafuta shati ya kuvaa kwa sababu wageni wamesha kuingia.

Nikaambia mulango wa motoka: "Mulango, mwambie mama, mukono yangu inafungwa. Buko."

Akatoa mukono wake ku kiti. Kiisha akaambia ule ule mulango: "Mwambie muko wangu, motoka ni muzuri. Miye nitaenda chini."

Akaanza kutembea. Miye nikapanda, nikamufuata nyuma pole pole, motoka inanguruma, mpaka ku barabara kubwa. Bantu walisimama kuangalia: muzee bila viatu mbele, anagusa kuta na mukono, na ile mulima mweusi nyuma yake, sawa tunapeleka maiti na maiti anatembea. Ku barabara alisimamisha katakisi, kale kadogo ka chini chini. Shofere, muntu mwenye hakumujua, alitoka, akamushika mukono, akainamisha kichwa chake asigonge, akamuikalisha. Mara moja tu.

Lakini takisi inangoja ijae. Miye nikapita, nikafika wa kwanza. Bibi yangu alikuwa amesimama ku mulango wa hospitali na karatasi. Aliona motoka, akakimbia, akafungua upande wa pili. Akaona kiti wazi.

"Mama iko wapi?"

"Anakuya."

Aliangalia ile plastiki. Walikuwa wamesha kumuita mama yake mara mbili. Wakati mama alifika, walikuwa wamesha kuingiza mwingine mu fasi yake, na munganga alikuwa anaosha mikono juu ya wa mwisho. Bibi yangu alipiga magoti mu kolidori. Walimwambia mara ingine.

Mara ingine ilichelewa myezi mingi. Jicho likaanza kuuma, kiisha likaacha kuuma, na hiyo ndiyo ilikuwa mubaya. Munganga alilimulika muda mufupi. Alisema hakuna tena kitu cha kupasua. Mama mukwe aliuliza kama ni mchana. Bibi yangu akamujibu ndiyo.

Bajomba ba bibi yangu walitoka Pweto. Waliikala kwa shemeki, mama mukwe nyuma ya mulango ndani ya chumba, sawa inafaa. Muzee wa jamaa akasema mutoto wao, mama mukwe wangu, amesha kupofuka, na siku ya kupasua ilipita bure, lazima wajue kosa ni la nani. Bote wakageukia kwangu. Mwenye hafiche.

Nikanyoosha kidole. Nikasema: "Shemeki njo alipaswa kumupandisha. Hakukuwa pale. Miye nilifika, niko peke yangu, na miye ni muko. Ningefanya nini?"

Yote ilikuwa kweli, neno kwa neno. Niliacha tu kusema ile simu nilimupigia asubuhi. Nikamuangalia shemeki, nikingoja aiseme yeye. Yeye pia alikuwa ananiangalia, na leo ninajua alikuwa anangoja miye. Alikuwa anafanya kazi kwangu, alikula kwangu, hakufikiri kama nitainyamazia. Wakati aliona nanyamaza, akainamisha kichwa. Akasema: "Ni kweli. Sikukuwa pale."

Walimulaumu mpaka jua lilizunguka nyumba. Mutoto wa kwanza, mwanaume, anaacha mama mu matope. Na miye walinisifu. Muzee alisema siku hizi bijana banasukuma mama mukwe ku bega mu soko, lakini huyu, na feza yake, na motoka yake, alikumbuka desturi. Pale sauti ya mama mukwe ikatoka, anaambia mulango: "Mulango, baambie. Muko wangu aliniheshimu."

Ile ilinipiga kuliko udongo wa shimo. Na sikufungua kinywa.

Ninasha kuita bantu wengi benye kosa mu maisha yangu. Hii mara ninaandika kwa sababu kwa kinywa nilishindwa, na wa Butembo hana kosa, na mwenye kuuza hana kosa, na shemeki hana. Aliyemufunika mama yule jicho ni miye, na plastiki.

Shemeki walimulipisha mbuzi juu ya kuomba mama yake musamaha. Aliichinja yeye mwenyewe, ile ile siku. Bibi yangu hakukula, alisema tumbo. Muguu wa nyuma, fungu la muko mwenye heshima, waliuweka ku sahani yake peke yake, na shemeki njo aliniletea, magoti chini, mikono mibili.

"Shemeki, karibu."

Nilipokea. Nilikula, bote banaangalia, mpaka ku mufupa.