Spika za Mama na Ng'ambo ya Bonde

Juzi mpwa wangu alinitembelea hapa Nyamache, akafungua milango yote ya gari lake na kupiga muziki mpaka kuku wakakimbilia migombani. "Auntie, spika za kiwanda nilitoa zote," akaniambia. "Nikaweka amp ya maana. Umeskia hiyo besi?" Nikacheka. Mtoto anadhani yeye ndiye wa kwanza! Mama yangu aliing'oa ya kiwanda kabla baba yake huyu hajaota meno.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Baba, mwalimu wa shule, alikuwa na gari kuukuu lenye redio ya kanda na spika moja ndogo ya karatasi chini ya dashibodi. Gari likianza kupanda mlima, unasikia injini tu. Fundi wa nyumbani kwetu alikuwa Mama. Alikulia Ogembo, nyuma ya duka la kaka yake la kutengeneza redio, na majirani walisema alijua kulehemu kabla hajajua kusonga ugali wa wimbi. Mimi nilimjivunia waziwazi, hata nilipigana shuleni kwa ajili yake.

Mwaka ule kwaya yetu ilinaswa kwenye kanda. Nyanya, mama yake Baba, ndiye aliyeianzisha, lakini miguu ilikuwa imemwishia na hangeweza kuvuka bonde kuja makambi, ile mikutano yetu Wasabato ya kila mwaka. "Wimbo utakufikia mlangoni," Mama alimwahidi. Nyanya akaguna tu. Hakuwahi kupenda mke wa mwanawe ashike nyaya.

Mama akapata spika mbili kubwa na amplifaya. Alitueleza kishamba: spika na amplifaya hufungwa nira pamoja kama ng'ombe wa kulima, na ukimfunga fahali na ndama, ndama atavunjika shingo. Ijumaa alasiri alikuwa ameshaunga amplifaya kwenye betri, akaingia jikoni kupika chakula cha Sabato. Spika mpya zilikuwa bado sandukuni. Baba hakungoja. Alitaka majirani wasikie kabla jua halijatua, basi akaiunga amplifaya na kile kispika cha dashibodi. Kikaimba neno moja, kikachanika.

Mama alitoka mbio, mwiko mkononi. Jua lilikuwa linagusa kilima. Akamnyang'anya Baba bisibisi, akairudisha kwenye kopo la vifaa, akafunga kifuniko.

"Mama watoto, si ni kazi ya Bwana?" Baba akabembeleza. "Hizo mpya utafunga dakika chache tu."

"Bwana amekuwa akisikia bila spika miaka yote. Jua linatua, Sabato imeingia."

Kesho yake makambi yakafungwa, na ng'ambo ya bonde hakikufika kitu. Nyanya akatuma mtu kuuliza kama kwaya nzima imeshikwa na mafua. Mama aliumia, niliona, lakini kopo halikufunguliwa.

Jumapili, umande ukiwa bado kwenye michai, alikata matundu kwenye milango ya nyuma ya gari la mumewe bila huruma, akafunga spika na kuzizungushia mpira wa tyubu kuukuu zisitetemeke. Baba alimmulikia tochi. Gari likarudishwa kinyumenyume hadi ukingoni mwa bonde, milango wazi, Mama akawasha kanda.

Sauti zikavuka. Kule ng'ambo tukamwona Nyanya akitoka, ameshika mwimo wa mlango.  Kisha akavua leso ya kichwani, akaipunga.

Mchana tulimpelekea ndizi. Aliushika mkono wa Mama, ule wenye makovu ya kulehemu, akamwonyesha jirani yake. "Huu ni wa mke wa mwanangu," akasema. "Wa mwanao anajua nini?"

Gari lile kuku walitagia ndani mpaka likauzwa chuma chakavu. Nyanya na Mama wamelala chini ya migomba, na ng'ambo kule nyumba ni za watu nisiowajua.

Nilimwambia mpwa wangu ageuze gari, milango ya nyuma itazame bonde.

"Nani anaskiza huko, auntie?"

"Hakuna mtu," nikamjibu. "Wewe geuza tu."