Kukagua Kigari cha Nyangoto

Safari hii ilianzia kwenye goti la mdogo wangu Kabula. Ni muuguzi hapa Mwanza, na tangu bodaboda imwangushe mwaka jana, kila asubuhi hupanda nyingine akiwa ameuma meno. Ameuza kiwanja chake ili anunue gari dogo la kuzungukia mjini, na pesa hiyo inatosha gari moja tu. Akikosea, hana kiwanja wala gari. Mimi ni mwalimu wa udereva, ndiyo maana nilitumwa Nyamongo kumkagulia moja aliloliona kwenye simu. Sina kawaida ya kusifu magari. Mengi ninayofundishia yangekuwa watu, yangeshastaafu.

Jumatano alfajiri nilipanda basi hadi Tarime, kisha gari jingine hadi Nyamongo, nikafika saa nane mchana na vumbi mpaka masikioni. Mwenye gari alikuwa ananisubiri. Anaitwa Marwa, mchimbaji wa Nyangoto, mtu mpole wa maneno machache. Rashi ya dhahabu ilipopamba moto na watu wakamiminika machimboni, shimo lake, duara kama wanavyoliita, lilitema dhahabu, akanunua gari. Baadaye duara likakauka, na cha kuuza kikabaki hicho kigari.

Ni cheupe, milango mitano, injini ya lita moja, gia otomatiki. Viti vilikuwa na vitambaa vipya na ndani kulinukia manukato makali mpaka nikashusha kioo. Nilianza nacho sokoni. Mtu akitaka kulijua gari la mjini hana haja ya mji; pale Nyamongo bodaboda hutokea kulia, kushoto, na nyingine sijui zinatokea wapi. Kigari kiligeuka mahali ambapo mkokoteni ungekwama. Breki zilishika bila kuvuta upande. Kilima cha kuelekea Nyangoto kilikipanda kwa kulalamika, lakini kilifika, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Buti linameza gunia moja na ndoo, basi. Kwa mtu mmoja na foleni za Mwanza nilikipa alama nzuri, na nilifurahi. Kabula alipopiga simu nikamwambia dalili ni njema. Alicheka, akaanza kuuliza viti ni rangi gani.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulianza safari ya Mbalibali, kwa sababu kadi ya gari ilikuwa kwa mke wa Marwa, anayelima huko. Nilitaka pia kuona kama injini inachemka njia ndefu. Haikuchemka. Tulipovuka daraja la Mto Mara, Marwa akaona mama mmoja kando ya barabara na mfuko wa ulezi, akaniambia nisimame. Sijafunga hata breki ya mkono, ameshashuka, uso kaugeuzia kichakani. Nilidhani tumbo limemkata.

“Ni mama mkwe wangu,” akasema kwa sauti ya chini. “Mpeleke wewe, mwalimu. Mimi nitakuja na boda.”

Nikamwonyesha viti vitatu vitupu.

“Lingekuwa lori ningepanda nyuma. Humu si tutapumuliana?”

Huko kwa Wakurya mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake, hali naye, wala hamtazami usoni. Nimefundisha miaka mingi na sikuwahi kuona udogo wa gari ukipimwa namna hiyo. Nikauandika kwenye daftari langu la ukaguzi, chini ya mstari wa buti.

Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa nyuma na mfuko wake. Tukaondoka. Kisha nikamwona kwenye kioo akipapasa kiti, mkono ukiwa chini ya kile kitambaa kipya.

“Kumbe ilipona,” akasema.

“Nini, mama?”

“Hii gari, mwanangu. Masika maji yaliibeba pale mtoni, ikalala siku mbili. Ng'ombe zangu ndizo ziliivuta. Moja mpaka leo inachechemea.”

Hakuwa anamchongea mkwe wake. Alikuwa anawasifu ng'ombe, na aliendelea kuwasifu mmoja mmoja kwa majina mpaka tukafika.

Mbalibali, mama alipoingia ndani kwa binti yake, nilifunua zulia la gari. Tope kavu. Nikachungulia chini ya usukani, nyaya zimeota ukungu wa kijani. Gari lililolala majini laweza kwenda mwaka mzima bila shida, halafu likazima katikati ya kilima. Marwa alifika na boda yake baadaye kidogo, nikamwambia gari lake liliingia maji.

“Nani kakwambia?”

Aliitazama nyumba, akaondoa macho upesi. Ningemtaja yule mama ningewaharibia wote wawili, na kwa mila yao kuulizana wasingeweza.

“Zulia,” nikasema.

Alichuchumaa karibu na gurudumu, akalishika. “Nililitengeneza, mwalimu. Kwa mikono yangu.” Nilimwamini, na kwa kweli iliniuma kumwambia hatutalichukua. Mkewe alituletea ugali wa mtama na maziwa mgando, tukala bila kulitaja tena.

Ijumaa, basi likikaribia Mwanza, nilimpigia Kabula. Nilimweleza kwa mpangilio kama ninavyoeleza darasani: breki, kilima, maji, nyaya. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Lingekuwa linazima mara ngapi kwa mwezi?” akauliza.

Nikamjibu kwamba sijui. Labda mara moja, labda lisizime kabisa.

“Ungelichukua tu, kaka. Hata likizima, ningekuwa nimekaa kwenye kiti, si kwenye boda na goti hili.”

Bado naamini nilikagua sawasawa, na nikirudishwa Mbalibali leo nitakataa tena. Lakini nilijua pale pale kwamba kwa siku tatu nilipima kila kitu cha gari la watu, na goti la mdogo wangu sikuwahi kumuuliza linaumaje. Nikamuuliza, abiria wakinisikia. Akaanza kunieleza, tangu asubuhi anapoushusha mguu kitandani. Basi liliingia stendi akiwa bado anaeleza.