Kompyuta Iliyomtukana Baba

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu, na mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake mbaya kuliko wote. Nyumbani kwetu, mtaani Jericho, alikuwa na kompyuta ya zamani, ile ya kibodi tupu inayochomekwa kwenye televisheni na kusoma programu kutoka kwenye kanda za redio. Alijiandikia programu ya kunifunza kuzidisha. Nikikosea, kioo kizima kilijaa maandishi: MJINGA WEWE. RUDIA. Halafu rula ilinishukia vidoleni.

Mwaka jana, Mama akiwa ameshafariki na kumbukumbu zimeanza kumtoka Baba, aliivuta mashine ile kutoka chini ya kitanda.

"Redio imezitafuna kanda. Wewe hutengeneza simu za watu, itengeneze na hii."

Nililehemu ndani yake kibao kidogo cha kupokea memori kadi, kama ile ya simu. Kanda moja tu ndiyo iliyokuwa bado inasomeka, na nilijua ni ipi hata kabla sijaisikiliza. Niliirekodi kwenye laptop, nikaihamishia kwenye kadi. Ningeweza kumwekea michezo mia. Niliweka hiyo moja ya kuzidisha.

Zamani tulisubiri dakika tano programu iingie. Sasa ilitokea papo hapo. Baba akapiga makofi.

"Jibu, Mzee," nikamwambia.

Saba mara nane. Aliandika hamsini na nne. Kioo kikajaa. Alisoma polepole, midomo ikitikisika.

"Nani ameandika matusi haya?"

"Wewe."

"Nilimwandikia nani?"

Nilimbonyezea kitufe, swali la pili likaja.

Kesho yake alikuwa amesahau. Aliwasha tena, akatukanwa tena, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Ilikuwa hivyo kila alasiri kwa wiki tatu, nami nimeketi nyuma yake na kikombe changu cha chai. Sitasema nilihuzunika. Nilifurahi.

Jumapili moja dada yangu alikuja kutoka kwake, mtaa wa Mowlem, akamkuta analia. Aliyasoma maandishi. Yeye pia aliijua rula ile. Akaichomoa kadi, akaikunja mpaka ikakatika.

"Hata yeye alikuwa akichoka kutupiga," aliniambia, akaondoka na Baba siku hiyo hiyo.

Tangu hapo sijakaribishwa kwa dada. Majuzi nilipiga simu, akapokea Baba. Nilimsalimia kwa heshima. Aliniuliza kama ninamjua fundi yeyote wa kompyuta.