Kaa Stendibai, Fundi

Kama kuna neno fundi wa jenereta alilichukia kuliko moshi wa dizeli, ni stendibai. Bosi wa ukumbi akisema, "Fundi, kaa stendibai," maana yake usiende kula. Kocha wa timu ya mtaa akisema, maana yake utapasha misuli mpaka mechi iishe. Mkewe akisema, maana yake wageni wakizidi, wewe ndiye wa kochi. Neno kama kinyonga, kila mtu ana rangi yake, ila anayeumia ni yuleyule!

Sasa binti yake wa pekee anaolewa, tena kwenye ukumbi huohuo. Fundi kanyoa, kashonesha suti, wiki nzima anakariri maneno ya kumuaga mwanawe. Siku yenyewe kaka yake, mtu wa tai hata akienda dukani, akamshika bega.

"Mdogo wangu, hotuba natoa mimi. Wewe una makelele. Ila kaa stendibai."

"Stendibai ya nini, kaka? Si mimi ndiye baba?"

"Labda nikikwama."

Akwame yule? Akishika maikrofoni, mpaka umnyang'anye!

Makelele ni kweli, tusidanganyane. Kuishi ubavuni mwa injini kumemfanya aombe chumvi kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Basi akaenda kukaa mlangoni mwa chumba cha jenereta, suti mwilini, uso umevimba kama unga wenye hamira. Ndani, kaka anahubiri biashara zake. Bibi harusi anamtafuta baba kwa macho.

Umeme ukakatika. Giza. Maikrofoni ikafa; kaka bado anahubiri, hata meza ya mbele haisikii kitu.

Bosi akaja mbio. "Fundi, washa!"

Fundi akautazama ufunguo, akautia mfukoni. "Kaa stendibai, bosi."

Akaingia ukumbini.

"MWANANGU!"

Vioo vikatetemeka. Mpaka wapishi kule nyuma walisikia jinsi alivyokuwa akimbembeleza binti alipokuwa mchanga, huku injini inanguruma, na mtoto analala usingizi wa pono. Hakuna aliyemwambia apunguze sauti.

"BABA, NIMEKUSIKIA!" bibi harusi akajibu, analia, anacheka. Kumbe sauti kairithi!

Fundi akatoka, akafuta macho kwa mkono wa suti mpya, akawasha jenereta. Taa zikarudi. Spika zikakohoa.

"Kama nilivyokuwa nasema," ikaendelea sauti ya kaka, "ile biashara yangu ya pili..."

Fundi akashusha pumzi. Kidole kilikuwa bado kwenye swichi.

Akaizima.