Nilivyofunga port za server ya mama kule Janga baada ya kuambiwa "mfumo utakufa"

Wakuu, habari za humu.

Haya yametokea nyumbani kwa mama yangu mzazi, kwa hiyo wale wa "hii chai" chukueni vitafunwa mkae pembeni. Sina sababu ya kumsingizia mtu. Jina la kampuni silitaji, na msinifuate PM kuliuliza.

Halafu mjue kabisa kwamba mimi ni mwanamke. Miaka yote kwenye nyuzi za Linux mnaniita mkuu na sijawahi kukataa. Endeleeni.

Nafundisha sekondari Kisarawe. Jiografia. Mambo ya server nilijifunza mwenyewe kwenye kompyuta ya shule iliyokuwa inasubiri kutupwa.

Mama anaishi Janga, Kibaha vijijini. Ni mjane, ana mashine ya kutotolesha vifaranga. Mayai yaliyomo si yake peke yake. Wanawake wa pale Janga, na wengine kutoka Gwata, wanamletea ya kuku wao wa kienyeji. Kila mmoja anaweka alama yake kwa penseli kwenye ganda: huyu nyota, huyu vistari viwili, huyu herufi ya jina la mtoto wake. Siku ya kumi na nane mama anayatenga kwa alama, siku ya ishirini na moja kila mtu anakuja kuchukua vifaranga vyake.

Hakuna karatasi wala sahihi. Ni amana, na mama hajawahi kuichezea.

Mashine iko kwenye chumba cha nyuma, mlango wake unafungukia uani. Huko uani ndiko wanawake wanakosubiri mayai yao yamulikwe kwa tochi kuona kama yana mbegu. Waliokulia nyumba za Kiislamu za huku kwetu mnaelewa. Mwanaume hakanyagi pale bila hodi. Mtu anavua mtandio, anasukwa, ananyonyesha, anacheka kwa sauti anayoitaka.

Sasa aje Injinia.

Namwita Injinia kwa sababu ndivyo alivyotaka mama amwite, ingawa ni kijana wa rika langu. Alitumwa na kampuni iliyotuuzia mashine. Akafunga server ndogo ya Linux, sensor za joto na unyevu, na kamera moja ya kuangalia mashine, ili mimi nikiwa Kisarawe nione kila kitu. Akaomba IP ya public, yaani anwani inayofikika kutoka popote, kwa watu wa intaneti. Password zote akaweka yeye. Nilipomwomba account yenye sudo, yaani mamlaka yote juu ya server, alinipa huku anatabasamu, maana hakuamini kama nitajua pa kuishika.

Na kweli sikuishika. Hapo nakubali kosa. Joto nililiona kwenye simu, nikaridhika, sikukagua kitu kingine.

Jumatatu moja Mama Zuhura wa Gwata akafika kwa mama, na safari hii hakuleta mayai. Alikuwa ametoka Soga, karibu na stesheni, ambako Injinia alikutana na watu wanaotaka kununua mashine. Aliwaonyesha mashine ya mama kwenye simu yake, live. Kisha akaitupia link kwenye group lao la WhatsApp la wafugaji. "Jioneeni wenyewe, hakuna haja ya kwenda mpaka Janga."

Mama Zuhura akaifungua. Akaiona mashine. Na nyuma ya mashine, kupitia mlango ulio wazi, akamwona mama yangu amekaa mkekani, kichwa wazi, jirani anamsuka.

Group lile lina wanaume kibao.

Mama alinipigia. Alisema maneno mawili tu: "Mwanangu, nimeonekana." Wakuu, niliona hasira ambayo sijawahi kuiona maishani. Chaki ilinivunjikia mkononi.

Mama aliifunika kamera kwa khanga saa ileile, lakini habari zilishasambaa. Kesho yake wanawake wakaja kuchukua mayai yao, na ndiyo kwanza siku ya kumi na moja. Yai la siku ya kumi na moja ukilitoa kwenye mashine, na huna kuku anayeatamia, umeliua. Walikuwa tayari yafe. Khanga inaanguka, walisema, na mwenye kuiweka kamera ndiye mwenye ufunguo.

Mama hakubishana nao. Aliwaambia, "Nipeni mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa bado pako wazi, chukueni mayai yenu, na mimi mashine hii siiwashi tena."

Nikampigia Injinia.

"Dada, ile ilikuwa demo tu," akasema.

"Iondoe."

"Ukifunga hizo port mfumo mzima utakufa. Zinategemeana. Wewe si mtu wa jiografia? Tuachie wenye fani."

Nilichomjibu sikiandiki hapa, nitakula ban.

Nilichofanya ni kuscan ile IP kutoka Kisarawe, kuona port zipi, yaani milango ipi ya mtandao, iko wazi. Aisee! Router iliambiwa kila kinachoingia kutoka nje ikipeleke moja kwa moja kwenye server. Server nayo haikuwa na firewall, yule mlinzi wa mlangoni, hata ya kuzugia. Imefungua database, imefungua SSH, njia ya kuiendesha server ukiwa mbali, na ina rule tatu za ku-forward watu wa nje kwenda kwenye vifaa vya ndani. Ya tatu ilikuwa ya kamera, na kamera haina password. Mtu kakuuzia nyumba isiyo na milango, halafu anakwambia upepo ni sehemu ya huduma.

Jumatano nikiwa na kipindi huru nikaingia kwa SSH, staff room, chai pembeni. Na kwa ujuaji wangu nikaharibu.

Firewall ya iptables inasoma rule kuanzia juu kwenda chini, na kisichoangukia kwenye rule yoyote kinafuata amri ya jumla. Mimi nilianza na amri ya jumla: kataa wote. Hata rule ya kuniruhusu mimi nilikuwa sijaandika. Tena kwenye mstari huohuo nikaunga na amri ya kui-save, ili hata server ikizimwa na kuwashwa irudi hivyohivyo. Nikabonyeza Enter, skrini ikaganda. Nimejifungia nje, nikiwa Kisarawe, na server iko Janga.

Msicheke. Ama chekeni, nilistahili.

Kibaya zaidi, server ikaacha kuzisikia na zile sensor. King'ora kikaanza kulia nyumbani, na mama hakujua kama joto limepanda au limeshuka. Akakimbilia kipimajoto cha kioo ndani ya mashine, akakuta joto liko sawa. Lakini tangu hapo ilibidi akisome kwa macho kila mara.

Dakika kumi hazijaisha, Injinia akampigia. "Si niliwaambia? Nakuja kurekebisha, ila kamera ibaki ilivyokuwa."

Mama akanipigia kunieleza. Na mimi, nawaambia ukweli, nilishakata tamaa. Nikasema, "Mama, mwache tu aje. Tutamalizana naye baadaye."

"Aje wapi? Nani kamwita?" mama akasema. "Skrini ipo, vitufe vipo, na mimi nipo. Nitajie herufi."

Mama yangu anasoma Kurani bila kukwama popote. Herufi hizi za kwetu alizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na kompyuta hakuwahi kuigusa zaidi ya kuifuta vumbi. Simu akaiweka loudspeaker, tukaanza.

Jina langu la kuingilia likakubali. Ikaja password.

"Haiandiki kitu."

"Inaandika mama, inaficha tu."

"Afadhali humu ndani kimoja kinajua kuficha."

Amri yenyewe ni fupi, ya kuiambia server iache kukataa: sudo iptables -P INPUT ACCEPT. Jaribuni kuitaja kwa simu kwa mtu anayetafuta herufi mojamoja kwa kidole. Nafasi. Kistari. P kubwa. "Kubwa naipataje?" Shikilia kile chenye mshale wa kwenda juu, mama. Walimu wenzangu wawili wakaacha kusahihisha madaftari wakawa wanasikiliza.

"Imeniandikia Kizungu."

"Kisome."

"Komandi... noti... faundi."

Alisahau s moja. Akarudia yote toka mwanzo, taratibu, bila kulalamika. Wa kulalamika nilikuwa mimi.

"Sasa imenyamaza," akasema.

"Ikinyamaza imekubali."

Nikajaribu kuingia. Nikaingia! Staff room walipiga makofi kama tumefunga goli.

Safari hii nikafuata mpangilio wa watu wenye akili. Kwanza waliokwisha kuunganishwa waendelee. Kisha server iongee na nafsi yake. Kisha sensor na vifaa vya ndani. Kisha SSH yangu, kwa key siyo password. Mwisho kabisa ndiyo kataa wote. Kuhusu forward, niliamua iwepo port moja tu ya nje, mpya, kwenda kwenye ukurasa wa joto, na ukurasa nikauwekea password. Ukurasa ule unasikiliza ndani ya server tu, 127.0.0.1, kwa hiyo forward iligoma mpaka nikawasha route_localnet, swichi ya kuruhusu wa nje wafike humo. Hapo nilipoteza kipindi kizima. Mtaniuliza kwa nini sikutumia VPN, njia ya faragha isiyohitaji port ya wazi kwa wote. Nitaweka, ila Jumatano ile nilikuwa nazima moto.

Account ya Injinia nikaifuta. Router password anayo yeye, kwa hiyo niliiacha irushe kila kitu kwenye server, na server ndiyo ikawa inakataa.

Ikabaki kufutwa rule ya kamera. Mama bado alikuwa kwenye kiti.

"Ile iliyonionyesha ni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Usiiguse. Nitajie."

Nikamtajia. Akaifuta mwenyewe, na hakukosea hata herufi.

Ijumaa nikaomba ruhusa, asubuhi nikawa Janga, nikaanza kwa kui-reset router na kuiwekea password yangu. Wanawake wakafika na vikapu vyao vya kubebea mayai. Mama hakutoa hotuba. Alimwambia Mama Zuhura, "Nenda barabarani na bando lako mwenyewe, ifungue ile link."

Akaenda. Tukamwona kaishika simu, anabonyeza, anasubiri. Mwingine akamfuata na simu yake, akajaribu naye. Ilizunguka weee, ikagoma. Walipokuwa wanarudi ndani simu ya mama ikaita. Injinia. Mama akaweka loudspeaker.

"Mama, mfumo wenu siuoni. Umekufa."

"Mfumo upo, baba. Asiyemo ni wewe."

Akakata. Mama Zuhura akatazama ile kamera, akatutazama, akavua mtandio wake, akakaa mkekani. "Haya, tochi iko wapi?" akasema. Hakuna yai lililotoka siku ile.

Nilichojifunza, wakuu: ruhusa yako iandike kabla ya kufunga, na aliyekufungia mfumo muulize funguo ngapi kabaki nazo. Akikwambia ukigusa utakufa, mwambie akuonyeshe ni rule ipi itakayoua. Injinia hakuwa nayo hata moja.

Mliowahi kujifungia nje kwa firewall zenu wenyewe jitajeni hapa chini, tusione aibu. Wa iptables mnikosoe, nakubali kukosolewa na anayeonyesha kazi yake.

Na Injinia, najua humu unapita. Uzi huu uko wazi kwa kila mtu, hata wewe karibu useme la kwako. Uani kwa mama, hapana.