Verna Hajui Kuacha

Niseme mapema kwamba bado nimekasirika, asije mtu akatafuta upole humu. Verna Dombrowski ni rafiki yangu. Tumegawana chumba kimoja cha kazi kwenye kile kilichokuwa kiwanda cha viatu, upande wa kusini wa Milwaukee, tangu nywele zetu zikiwa bado na rangi yake. Mimi nachonga mbao na kuchapa picha. Yeye anapaka rangi za mafuta kwenye turubai. Mimi nikishachonga nimechonga, ubao haurudishi kipande. Yeye anaweza kukwangua, na balaa lote linaanzia hapo.

Verna haachi picha ikakaa. Si mvivu, afadhali angekuwa mvivu. Anaimaliza vizuri kabisa, unaipenda, unampa hongera, ukirudi kesho ameikwangua nusu. Kuna mwanamke mmoja alinunua kwake picha ya kituo cha basi wakati wa kiangazi, watu wamevaa kaptura. Alipokuja kuichukua alikuta theluji. "Ilikuwa inaomba theluji," Verna akamwambia, uso mkavu. Mama wa watu akageuka na kuondoka, na mimi ndiye niliyemsindikiza hadi kwenye gari lake nikiomba radhi.

Kazi ya mshahara Verna anaifanya jikoni kwenye shule ya msingi, ananyanyua masufuria ambayo yangemtoa jasho mbeba mizigo. Magoti yake yamekwisha. Akipanda ngazi za kiwanda husimama katikati na kujifanya anatazama nje dirishani. Kwa hiyo tangazo la ufadhili lilipotoka sikumwuliza. Nilizipiga picha kazi zake siku alipokwenda kwa daktari wa meno, nikazituma, nao wakamkubali.

Ufadhili wenyewe ni hivi. Taasisi moja mjini huchukua wasanii wachache na kumpa kila mmoja mlezi wa kumwongoza mwaka mzima: namna ya kuonyesha kazi, namna ya kuzungumza na wenye kumbi za maonyesho, namna ya kutaja bei bila kuona haya. Mwishoni majaji hupita studio kwa studio kuzitazama kazi walizozichagua kwenye picha. Msanii mmoja tu hupewa mshahara wa miaka miwili, apake rangi na asifanye kingine. Na nafasi ni mara moja tu. Mwaka wako ukipita, umepita. Verna akishinda, anaaga masufuria. Akishindwa, ni masufuria mpaka magoti yagome. Kila mtu alilielewa hilo isipokuwa, naona, Verna mwenyewe.

Mlezi waliyemletea aliitwa Kou Vang, kijana wa Kihmong, wale watu waliotoka milima ya Laos, aliyekulia hapa hapa mjini, mchoraji ambaye tayari kazi zake zimetundikwa Chicago. Verna angeweza kumzaa, na bado akabaki na muda wa kumzaa mdogo wake. Alipoingia siku ya kwanza, Verna alimpima toka viatu hadi kichwani.

"Mwanangu, wewe ndiye unayekuja kunilea?"

"Ndiyo, mama. Hata mimi nimeshangaa."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo huo. Kaa hapo."

Wakapendana saa ile ile, jambo lililoniudhi, maana nilitumaini angeletewa mtu mkali. Kou hakuwa mkali, ila alikuwa king'ang'anizi. Kila Alhamisi alikuja na kumkalisha Verna chini waandike maelezo ya msanii, kile kipande kifupi ambacho majaji hukisoma kabla ya kuja, cha kueleza unapaka nini na kwa nini.

"Haya mama. Kwa nini unapaka rangi?"

"Kwa sababu sijui kushona."

"Mama Verna!"

"Basi andika napenda rangi."

"Kila mtu anapenda rangi. Ardis, hebu nisaidie."

Ardis ndiye mimi. Nikamwambia aandike kwamba bibi huyu anapaka rangi ili mimi nife mapema. Kou akacheka. Mwisho wa yote akaandika mwenyewe maneno mawili matatu ya heshima, Verna akatia saini bila kuyasoma.

Kuhusu kukwangua, hata hivyo, Kou hakuwa na mzaha. Picha ya kwanza ilipokwanguliwa mbele ya macho yake, alinyoosha mkono.

"Nipe kisu."

"Kisu gani?"

"Hicho ulichokificha kwenye aproni."

Kilikuwa kile kisu chembamba cha kuchanganyia rangi. Wiki iliyofuata akamnyang'anya kingine, na baada ya hapo akapekua droo zote na kuvifungia vyote kwenye buti la gari lake. Picha zilizokwisha akazigeuza zitazame ukuta. Verna akalalamika kwamba amewekwa kizuizini. Nikamwambia kizuizini kuna chakula cha bure, atulie.

Na kweli akatulia. Majira ya baridi yote alipaka picha moja kubwa, upana wa meza ya kulia, na naapa sijawahi kuona mkono wake ukienda vile. Ilikuwa jikoni kwa parokia yetu, Ijumaa ya Kwaresima, watu wamepanga foleni kusubiri samaki wa kukaanga. Mvuke, mafuta, trei za mkate mweusi, wazee wenye kofia za timu ya mpira. Na katikati, mbele ya karai la mafuta, nimesimama mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu ya Ijumaa. Mimi nakaanga samaki, Verna anageuza chapati za viazi kwenye bamba la pembeni. Kwenye picha nilikuwa natabasamu, mashavu mekundu, nimeinama kidogo kama shangazi wa kwenye tangazo la unga. Niliipenda. Nani asingeipenda? Majaji nao waliipenda. Kou alikuja akikimbia kutuambia kwamba wameichagua hiyo, wanakuja Jumamosi asubuhi kuiona kwa macho, na kwamba yeye binafsi haoni wa kumshinda Verna.

"Sikiliza mama," akasema, amemshika mabega. "Hakuna kazi iliyobaki. Hakuna. Umemaliza. Sema nimemaliza."

"Nimemaliza."

"Ardis, umesikia?"

"Nimesikia, na sijaamini."

Ijumaa, siku moja kabla, tulikuwa parokiani kama kawaida. Watu walijaa hadi mlangoni. Mzee mmoja alirudisha sahani mara ya pili, eti kachumbari ya kabichi imegusa samaki wake, na mimi nikamwambia kwa sauti ya kufika barabarani mahali pa kumpeleka huyo samaki. Nilipogeuka, Verna alikuwa ameacha chapati ziungue. Alikuwa ananitazama. Macho ameyabana, kichwa kimeinama upande, na nayajua yale macho.

"Nini?" nikafoka.

"Hamna kitu. Endelea."

"Chapati zako zinaungua, bibi we!"

Akazigeuza. Zamu ilipokaribia kwisha nikamsukumia sahani yake, kipande kikubwa ambacho humtengea kwenye kona kila Ijumaa kabla hakijaisha, kwa sababu yeye hakumbuki kula mpaka chakula kimekwisha. Akasema goti linamuuma, akaifunga sahani kwenye karatasi, akaaga mapema. Nikamwonea huruma! Nikamwambia akalale.

Jumamosi nilifika na kahawa na maandazi ya duara ya kuwapa majaji. Harufu ya tapentaini, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ilinipokea kwenye ngazi. Verna alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono michafu mpaka kwenye viwiko, na nyuma yake ile picha kubwa ilikuwa na shimo la turubai tupu pale nilipokuwa nimesimama. Foleni ipo, mvuke upo, wazee wapo. Mimi sipo. Rangi nene ya mafuta hukauka juu tu, ndani hubaki laini kwa miezi, kwa hiyo nilikuwa nimebanduka vizuri. Nilikuwa chini sakafuni, vipande vipande. Na mkononi mwake, kwa kuwa Kou alichukua visu vyote, alikuwa na mwiko wa chuma wa kugeuzia chapati, mali ya parokia.

Sitaandika yote niliyosema. Nilimtupia andazi.

"Ungesubiri mpaka mchana!" nilimalizia. "Wangeona, wangekupa, halafu ungekwangua mpaka ukuta! Nani angekuzuia?"

"Nilikupaka mpole," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Wewe si mpole, Ardis. Jana nimekuona. Sijui nilikuwa nampaka nani majira yote ya baridi."

Kou aliingia wakati huo, ameshika maua. Alitazama picha, akatazama mwiko, kisha akakaa sakafuni na koti lake zuri.

"Mama," akasema taratibu, "nilikukosea nini?"

Verna akauficha mwiko nyuma ya mgongo. Ndiyo mara pekee niliyomwona ameona aibu.

Majaji walikuwa watatu. Hawakuwa watu wabaya, nawatendea haki. Walisimama mbele ya lile shimo, mmoja akilinganisha na picha kwenye simu yake. Mkubwa wao, mama mwembamba aliyejifunga shali, akauliza kama kazi imepata ajali.

"Hapana," Verna akasema. "Nimeikwangua mwenyewe."

"Lini?"

"Alfajiri."

"Ulijua tunakuja?"

"Nilijua." Akajifuta mikono kwenye aproni, ikawa michafu zaidi. "Mngenipa miaka miwili kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Mimi kila Ijumaa nipo naye pale, futi chache tu. Ningemtazamaje?"

Kou akainua uso. Mwaka mzima alikuwa amemwomba Verna maneno ya namna hiyo ayaandike, na huyu bibi anayatoa leo, bure, mbele ya shimo. Niliona kijana wa watu akitaka kulia na kucheka kwa pamoja. Yule mama wa shali alimpa Verna mkono, akasema wamefurahi kumjua, wakala maandazi yangu, wakaondoka. Ufadhili ulikwenda kwa bwana mmoja anayesuka ndege kwa nyaya. Wanapendeza ndege wake, sina neno.

Jumatatu Verna alirudi kwenye masufuria. Mimi nilimnunia. Tulifanya kazi chumba kimoja, migongo imegeukiana, nikichonga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Ijumaa nilikaanga samaki bila kumtazama, ingawa sahani nilimtengea, kwani njaa haina kosa lolote. Kou ndiye aliyenishangaza. Mwaka wake wa ulezi ulikwisha, posho ikakatika, na Alhamisi bado akaja. Safari hii alileta turubai yake mwenyewe, kazi iliyokwisha kupangiwa bei kwenye ukumbi wa Chicago, akaisimamisha mbele ya Verna.

"Niambie ukweli, mama."

Verna akaisogelea mpaka pua ikakaribia rangi.

"Umekula?" akamwuliza.

"Bado."

"Kula kwanza."

Wiki hiyo hiyo Kou alimrudishia visu vyake vyote. Nilimwambia amerogwa.

Pasaka ilipita, theluji ikayeyuka, na asubuhi moja nilifika nikamkuta Verna anaosha brashi. Akanionyesha picha kwa kidevu. Nilikuwa nimeapa sitaitazama. Nikaitazama.

Nilikuwa nimerudi kwenye karai langu. Na ndiyo, nilikuwa na hasira. Mdomo wazi, mshipa wa shingo umesimama, kikapu cha waya cha kukaangia samaki nimekiinua juu ya kichwa cha mzee wa kabichi kana kwamba nitamkaanga yeye. Mbaya kweli. Sura ambayo huwezi kumpa mtu kwenye kadi. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, ndipo nikauona mkono wangu wa pili. Ulikuwa chini, nyuma yangu, mahali ambapo foleni haiwezi kuona, unasukuma sahani kwenye kona. Juu ya sahani kulikuwa na kipande kikubwa kuliko vyote.

Nilidhani haoni ninavyoitenga. Miaka yote hiyo nilidhani anageuza chapati tu.

Nilikosa pa kutazama. Nikapenga kamasi. Kisha nikamkumbuka bwana wa nyaya na ndege wake, na hasira ikanirudia, nashukuru.

"Mshahara wa miaka miwili, Verna! Magoti yako! Kwa ajili ya sura hii?"

"Sura haikunisumbua," akasema. "Mkono ndio nilikuwa sijauona. Nilipopata mkono, sura ikaja yenyewe."

Akasogea karibu na turubai. Akainamisha kichwa upande. Akabana macho.

"Ila hilo sikio," akasema, na mkono wake ukaanza kupapasa mezani kutafuta kisu.

Nilimshika huo mkono kwa mikono yangu yote miwili, na mpaka Kou alipopanda ngazi na kuja kunisaidia, sikuuachia.