Saa ya Arobaini

Shangazi yangu, dada wa baba, alistaafu uuguzi akakataa kupumzika. Kila Jumamosi alifika kwenye makao ya wazee ninakopika, nyuma yake kundi la vijana wa sekondari waliotakiwa na shule wajitolee saa arobaini, fomu mkononi. Wengi walikuwa na sura ya mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Hakuwapa kazi mara moja. Siku ya kwanza aliwafundisha kukaa tu: simu mfukoni, kiti karibu, mdomo umefungwa mpaka mzee aanze mwenyewe. Siku ya pili kila mmoja alipewa mzee wake. Na saa ya arobaini hakuisaini mpaka kijana aende kumuaga mzee wake kwa mdomo.

"Hawa wameshaachwa na wengi bila kwaheri," alisema. "Nyinyi msiongeze."

Nilimwona ana makuu. Sasa nimefunga mdomo.

Aliyemteka moyo ni binti wa fundi viatu. Alipewa dereva wa lori wa zamani, mzee aliyepoteza macho, ambaye alikuwa ameshawafukuza vijana wanne. Binti alimsomea gazeti, na akifika kwenye mpira alitangaza kama yuko uwanjani. Mzee akaanza kunyolewa ndevu kila Jumamosi, kwa kudai mwenyewe. Hata mimi, na uchoyo wangu wote, nilimtengea binti yule sahani.

Siku moja katikati ya wiki akaja mbio, anahema.

"Shangazi, fomu zinakusanywa leo. Nisainie tu, Jumamosi nakuja kumuaga babu. Kweli tena."

Shangazi akasaini. Kwa miaka sita hakuwahi kumfanyia hivyo mtu yeyote.

Jumamosi mzee alinyolewa, akavaa koti, akakaa akingoja. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Ya tatu shangazi akapiga simu, nami nimesimama pembeni na mwiko.

"Lakini shangazi," binti akauliza kwa adabu zote, "saa si zilishatimia?"

Shangazi akakata simu, akaenda kufua vitambaa vya meza ambavyo vilikuwa safi. Angelia ningejua la kufanya. Nilijiona nimesalitiwa mimi pia, na sahani zangu.

Mwezi uliofuata ukaja mwaliko: shule inampa binti tuzo ya kujitolea. Nilisema tuutie jikoni tuwashie moto. Shangazi akakataa.

"Tunakwenda, na mzee anakuja. Binti akimuaga hukohuko yatakwisha."

Akamwambia mzee hivyo. Siku ya tuzo alinyolewa mara mbili.

Tulikaa mstari wa tatu. Binti akapanda jukwaani na karatasi yake. Mzee alipoisikia sauti alitabasamu, akaiweka sawa kola ya koti.

"Hadi leo," binti alisoma, "kila Jumamosi naenda kumsomea babu yangu gazeti. Siwezi kumwacha."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mikono ya shangazi ilibaki mapajani.

Mzee alisubiri makofi yaishe, kisha akamgeukia.

"Muuguzi," akauliza taratibu, "huyo mzee anayemsomea ni nani? Ana bahati."